Kufuli Mbili

Kiwanja chetu cha Mapengo kina lango moja la chuma,
kijani cha Jiji upande wa barabarani;
upande wa ndani halijapakwa kitu. Rangi iliisha.

Asubuhi ni soko la viazi vya Umalila,
mchana ni mpira wa watoto,
jioni wasukuma mikokoteni huilaza ukutani,
na kukiwa na msiba, ni msiba: hapo huulizi ratiba.

Tulikigombania miaka mitatu.
Wao walikuja na ramani: eneo la wazi, mali ya umma.
Sisi tukauliza, huo umma unakaa mtaa gani,
maana hapa tunafagia kila Jumamosi
na hatujawahi kukutana nao.
Mgambo wakamwaga nyanya za Bupe.
Usiku kuna mtu aking'oa kibao chao
(simtaji, ila mbao ya paina huwaka vizuri).

Halafu kikao, shuleni, kwenye madawati ya darasa la pili,
magoti yakigusa kidevu, afisa na muuza dagaa sawasawa.
Nadhani madawati yale ndiyo yaliyotupatanisha:
humkaripii mtu mkiwa mmekunjwa hivyo wote wawili.
Tukaandikiana.
Mtaa utafagia, utakusanya ushuru, utazibua mfereji.
Jiji litaleta kifusi, taa, na gari la taka kila Alhamisi.
Lango liwe na kufuli mbili, ya juu na ya chini.
Ufunguo mmoja kwa Bwana Nzunda, ofisini.
Mmoja kwangu mimi, Tusajigwe,
shingoni, kwenye kamba ya kiatu.

Bila yeye sifungui. Bila mimi hafungui.
Tulipiga makofi. Tukaita kuaminiana.

Aprili, ukungu umeshuka kutoka Loleza hadi kwenye mabati,
akafariki mzee Anyosisye,
aliyechimba mfereji ule kwa jembe lake mwenyewe.
Turubai tayari, masufuria tayari,
ndugu wameshuka kutoka Rungwe na basi la usiku,
na Bwana Nzunda yuko Dodoma, semina;
ufunguo umo mfukoni mwake, unasikiliza hotuba.

Nilisimama langoni na nusu ya ruhusa mkononi.
Mvua haikungoja.
Jeneza likapitishwa juu ya ukuta, mikono kwa mikono,
kama mtoto anayepandishwa lori.
Binti yake, Subilaga, hakulia.
Alilitazama lango
kama unavyomtazama ndugu uliyemwita akakaa kimya.

Nzunda aliporudi alikuja kwa miguu, bila gari, bila faili.
Alikaa mkekani mpaka chai ikapoa.
Tulingoja aseme "utaratibu". Hakusema.

Lusajo, fundi wa kuchomelea, ndiye aliyekuja na msumeno.
Akakata mnyororo katikati,
akaipitisha kufuli ya Jiji ndani ya kufuli ya Mtaa,
pete ndani ya pete,
nazo zikawa viungo kama viungo vingine.
"Haya," akasema, akifuta masizi,
"akifungua yeyote, limefunguka.
Akifunga yeyote, limefungwa.
Yaliyobaki si kazi ya chuma."

Sisemi tumepona.
Alhamisi ya gari la taka huangukia Jumamosi.
Ushuru wa Novemba una tundu,
na mshika fedha ni shemeji yangu; nitalisema kikaoni,
nikishapata pa kulala baada ya kulisema.
Taa zilikuwa nne. Inawaka moja, nayo inamulika paa la baa.

Ila leo alfajiri, kabla sijawasha jiko,
nikasikia mnyororo unalia langoni.
Nikatoka na tochi na maneno yangu yote.

Alikuwa Nzunda, suruali imekunjwa magotini, chepe mkononi,
amesimama ndani ya mfereji wa Anyosisye:
mvua ya usiku ilikuwa imeleta mchanga na maganda ya nusu ya mtaa.
Nikataka kumkumbusha: kuzibua ni zamu yetu,
imeandikwa, kifungu cha tatu.
Hakunisalimu hata.
"Sogeza tochi," akasema.

Nikasogeza.